Dakika Kumi na zahanati ya mwisho wa barabara

Kitu cha kwanza anachofanya fundi wa mtandao asubuhi hii ni kuiamuru mashine iliyo umbali wa safari ya nusu siku ijizime na kuwaka upya baada ya dakika kumi. Hajabadilisha chochote bado, na mashine yenyewe haina ubaya wowote. Anaandika amri, anabonyeza kitufe, anashusha pumzi, ndipo anavuta kiti karibu na meza.

"Haya, sasa naweza kufanya kazi," anasema.

Mashine hiyo ni ruta, kisanduku cheusi cha ukubwa wa kitabu kinene, kilichofungwa ukutani katika zahanati iliyo mwisho kabisa wa barabara ya vumbi. Ndiyo inayoiunganisha zahanati na hospitali kuu. Fundi yuko hospitali kuu, ruta iko kule, na anaifikia kwa kupitia njia ile ile anayotaka kuibadilisha. Akikosea herufi moja, njia inakatika naye anabaki nje, kama mtu aliyejifungia mlango funguo zikiwa ndani.

"Ndiyo maana naanza na kuzima," anaeleza, macho hayatoki kwenye skrini. "Nikijifungia nje, dakika kumi zikifika inazimika, inawaka, inasahau ujinga wangu wote na kurudi ilivyokuwa. Nisipoharibu kitu, naifuta ile amri kabla ya saa yake, kisha nasema hifadhi. Mpaka useme hifadhi, ruta haikumbuki ulichoifundisha."

Kwa tabia hiyo, hospitali nzima inamwita Dakika Kumi. Wapo wauguzi waliokula naye chakula cha mchana miaka na miaka na hawajui jina alilobatizwa. Ana miaka arobaini na sita, ni mke wa seremala, mama wa mabinti wawili, na anaishi nyumba moja na mama mkwe wake ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, "ndiye msimamizi wangu wa zamu ya nyumbani."

Chumba chake kiko nyuma ya chumba cha kufulia mashuka. Mvuke wenye harufu ya sabuni hupenya chini ya mlango, na mlango wenyewe umevimba kwa unyevu hata kuufungua ni lazima uusukume kwa bega. Ndani mna makabati mawili ya chuma yenye taa zinazopepesa, feni isiyozimwa, na viti viwili. Kiti cha pili ni cha fundi wa kompyuta, mwanamume mnene mwenye utani mwingi. Yeye huitwa Printa, kwa sababu kila anapoitwa wodini, basi ni printa imekwama.

"Huyu hata chai anaipuliza kabla haijamiminwa," Printa anamtania. "Ningekuwa kama yeye, printa za hospitali hii zingeota nyasi."

"Wewe printa ikikufia unaifuata wodini na kuipiga kofi, inaamka," anamjibu bila kugeuka. "Mimi yangu nitaipiga kofi kwa mkono gani?"

Kwenye ukuta mbele yao kuna skrini kubwa yenye majina ya zahanati kumi na saba, kila moja na kitone chake. Kijani maana yake zahanati inaonekana, nyekundu maana yake imepotea. Zahanati kumi na sita zimekwisha kuhamishiwa njia mpya. Imebaki moja tu, hiyo ya mwisho wa barabara, na leo ni zamu yake.

Njia hizo mafundi wanaziita mahandaki. Hakuna jembe wala udongo. Taarifa za wagonjwa hufungwa ndani ya bahasha ya siri na kupitishwa kwenye mtandao wa watu wote, bila mpita njia kuona kilichomo. Shida ni anwani. Kila ruta ina anwani yake ya tarakimu, na kampuni ya simu inayouza mtandao huko mbali haitoi anwani ya kudumu. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaamka ikiwa na anwani nyingine.

Kwa njia ya zamani, mtambo mkuu ulio hapa hospitali kuu uliandikiwa anwani ya kila zahanati kwa mkono. Anwani ikibadilika, mtambo unaendelea kugonga mlango wa nyumba ambayo mwenyewe amekwisha kuhama. Zahanati inabaki gizani mpaka Dakika Kumi apigiwe simu, aulize anwani mpya, aiandike.

Njia mpya ni handaki linalojichimba lenyewe. Ili kulieleza, hutumia mfano aliompa mama mkwe wake siku alipoulizwa, kwa mara ya ngapi hakumbuki, kazi yake hasa ni kazi gani.

"Nikamwambia, mama, chukulia una watoto wanaohamahama nyumba za kupanga. Wewe huhami. Mtoto akihama, kabla hajatandika kitanda anakupigia: mama, niko hapa sasa. Ndugu mmoja akimtaka mwenzake, anakuuliza wewe yuko wapi, kisha anamwendea mwenyewe moja kwa moja. Haina haja wapitie sebuleni kwako. Mtambo wetu mkuu ndiye huyo mama."

Mama mkwe alifikiri kidogo, akasema, "Basi mimi ndiyo huo mtambo. Ila wangu hawapigi."

Tangu siku hiyo mume wa Dakika Kumi hupiga simu nyumbani kila mchana, atake asitake.

Hakuanzia kwenye ruta. Alipoingia hospitalini akiwa msichana, alikaa kwenye ubao wa simu, vifaa vya kusikilizia masikioni, akichomeka waya wa wodi hii kwenye tundu la ofisi ile. Alimjua kila mtu kwa sauti. Anasema hata leo akipita korido anageuzwa na kikohozi kabla ya uso. Ubao ulipoondolewa, wenzake wawili walipelekwa mapokezi. Yeye aliomba apelekwe chuo cha ufundi, jioni, kwa miaka miwili, akimwacha binti wa kwanza, aliyekuwa bado ananyonya, mgongoni kwa mama mkwe.

"Watu waliniuliza, utaziweza hizo mashine? Nikawaambia kazi ni ile ile. Mtu huku anamtaka mtu kule. Mimi nakaa katikati, na Mungu ananisaidia nisichanganye."

Mshahara, anasema, unatosha kodi ya nyumba na ada, halafu unaaga. Kinachomchosha zaidi ya hapo ni simu. Huko mbali umeme hauchagui siku. Jumapili yuko kwaya, safu ya pili, sauti ya pili, simu ikiwa imezimwa mlio na kufichwa mfukoni mwa joho. Ikitetemeka anatoka kwa ncha za vidole, anakaa kwenye ngazi za kanisa, anafungua kompyuta ndogo magotini. Mwalimu wa kwaya amekwisha kumzoea.

"Ananiuliza, Dakika Kumi, leo unamaliza wimbo au unatuachia? Mbele ya watu."

Kilichomkera zaidi hakikuwa utani huo. Ilikuwa Jumapili moja aliyoamua kuiacha simu nyumbani, apate kusali kama watu wengine. Siku hiyo umeme ulikatika kule mwisho wa barabara, ukarudi, ruta ikaamka na anwani mpya. Mama mmoja mjamzito alikaa kwenye benchi la zahanati tangu asubuhi hadi alasiri picha zake za tumbo zikisubiri njia ya kufika kwa daktari. Mama alijifungua salama baadaye. Lakini simu haikubaki nyumbani tena.

Zahanati hiyo haina daktari. Ina muuguzi mkunga mmoja anayeitwa Sista na kila mtu, na mashine ndogo ya altrasaundi. Siku za kliniki ya wajawazito, Sista anapiga picha, picha zinapita handakini, na daktari wa picha anazisoma hapa hospitali kuu, jengo la pili kutoka chumba hiki. Leo ni siku ya kliniki. Sista amekwisha kupiga simu mapema.

"Dada Fundi, nina mama mmoja hapa simwelewi," sauti yake inatoka kwenye spika ya simu iliyolazwa mezani. "Mimba ya tatu, miezi minane. Juzi ametokwa damu kidogo, haimuumi. Namtaka daktari amwone kabla gari la dawa halijageuza. Dereva anasema mawingu yamekaa vibaya huko juu, mto ukijaa hapiti mpaka wiki ijayo."

"Linageuza saa ngapi?"

"Akishamaliza kushusha maboksi. Na anashusha haraka kuliko siku zote, sijui leo ana nini."

"Ana akili," Dakika Kumi anasema. "Nipe nafasi kidogo. Nitamaliza kabla hujampaka mafuta ya tumbo."

Vidole vyake vinakwenda. Anajenga handaki jipya pembeni ya lile la zamani, anaifundisha ruta ya mbali anwani ya mtambo mkuu, anaiambia kuwa kila ikiamka ijitambulishe. Anageuza njia. Kitone cha zahanati ya mwisho kinakuwa chekundu. Printa anaacha kutafuna. Kitone kinarudi kijani.

"Imemwita mama," anasema Dakika Kumi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu.

Simu inalia hapo hapo. Sista anaona kompyuta yake imefunguka upesi ajabu, anacheka, anawaambia akina mama walio kwenye benchi, nao wanacheka bila kujua wanachochekea. Daktari wa picha anapiga kutoka jengo lake kusema picha ya jaribio imefika safi. Printa anampa mkono. Katika furaha hiyo Dakika Kumi anaufagia mtambo mkuu: anafuta njia ya zamani ya zahanati ile, anahifadhi, anapangusa mikono kwenye sketi kama mtu aliyetoka kuosha vyombo. Anamimina chai.

Kikombe kiko nusu safari kwenda mdomoni kitone kinapogeuka chekundu.

"Dada Fundi, picha ilikuwa inakwenda, imesimama," anasema Sista. "Taa za kile kisanduku zimezimika zote. Sasa zinawaka moja moja."

Dakika Kumi anarudisha kikombe mezani taratibu.

"Sikuifuta ile amri," anasema.

Ruta imetii. Aliiambia ijizime ikifika saa yake, na hakuna aliyeiambia vinginevyo. Upande wake amefagia, upande wa kule hakusema hifadhi. Kwa hiyo ruta imeamka ikiwa haikumbuki chochote cha asubuhi hii. Inatafuta njia ya zamani, na njia ya zamani imefutwa na fundi yule yule. Juu ya hayo, imeamka na anwani mpya ambayo hapa hakuna anayeijua.

Printa anavuta kiti chake karibu na skrini. "Huwezi kuiingia kwa mlango wa nje, kupitia mtandao wa watu wote?"

"Mlango wa nje niliufunga mwenyewe, wezi wasiingie. Umefungwa vizuri."

Kwenye simu inasikika honi ya gari, mara mbili.

"Huyo ni dereva," anasema Sista. "Amemaliza maboksi. Niseme nini, mama huyu apande au arudi kwake? Gari lina nafasi moja. Nikimpeleka bure ameacha watoto wawili bila mama, na kurudi ni wiki. Nikimwacha, na ile damu..."

"Mwambie dereva asubiri."

"Nimemwambia. Anasema mto hausubiri."

"Basi mpe chai. Mpe na kiti." Dakika Kumi anafumba macho kidogo, midomo inachezacheza, kisha anayafumbua. "Sista, mtandao wenyewe haujakatika, iliyokatika ni njia ya kuja kwetu tu. Kaa kwenye kompyuta ya mezani. Kuna ukurasa nilikuwekea alama ya nyota, ule unaokuambia anwani yenu ya leo."

"Tunaoutumia umeme ukikatika."

"Huo huo. Ufungue unisomee. Tarakimu moja moja, usiruke."

Sista anasoma. Dakika Kumi anarudia kila tarakimu kwa sauti, kama alivyokuwa akirudia namba za wodi zama za ubao wa simu, na Printa anaziandika kiganjani kwa kalamu bila kuombwa. Zinasomwa mara ya pili kutoka kiganjani, na Sista anaitikia kila moja, "Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo." Dakika Kumi anaifufua njia ya zamani kwenye mtambo mkuu na kuiandikia anwani hiyo.

Kitone kinabaki chekundu. Feni inazunguka. Mtu anapita nje akisukuma mkokoteni wa mashuka.

Kijani.

"Haraka, jenga handaki jipya tena kabla hili halijakufa," anasema Printa.

"Hapana. Kwanza picha." Anaondoa mikono kwenye kibodi na kuiweka mapajani. "Sista, mtume mama wa watu. Mimi sigusi kitu mpaka afike."

Kwa njia ya zamani picha zinakwenda pole pole. Kwenye skrini mstari unajaa kwa vipande. Sista anasikika akimwambia mtu alale tena kidogo, akimuuliza watoto wako na nani. Sauti ya kike, nyembamba, inajibu kwamba wako na jirani, na kwamba hakufunga kuku. Mtu anamwambia aache kuwaza kuku.

Mstari unajaa. Simu ya ukutani inalia na Dakika Kumi anaiweka sauti kubwa.

"Huyo mama asirudi nyumbani," anasema daktari wa picha. "Kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia. Uchungu ukimshika huko hatuna la kumfanyia. Aje leo, alazwe, tutampasua kwa wakati wake."

Sista amesikia. Simu inaachwa wazi mezani kwake na hospitali kuu inasikiliza: viatu vinakimbia, mlango, sauti ya dereva ikilalamika kuwa chai ilikuwa ya moto, sauti nyembamba ikisema nguo za mtoto ziko nyumbani.

"Baba yao ataleta," anasema Sista. "Panda, mama. Panda."

Injini inanguruma, inafifia. Dakika Kumi anakata simu. Kisha anainuka, anausukuma mlango kwa bega, anatoka nje na kusimama kati ya kamba za mashuka yaliyoanikwa. Anarudi uso ukiwa na maji.

"Usiniulize," anamwambia Printa.

"Sijauliza," anasema Printa.

Gari likishatoka kabisa, wajawazito waliobaki wakiwa wamehudumiwa, anaanza upya. Anaiamuru ruta ijizime baada ya dakika kumi. Printa anaguna.

"Bado unaamini hiyo dawa? Si ndiyo iliyokuangusha?"

"Dawa haina kosa, mgonjwa alisahau dozi ya pili." Anajenga, anageuza, kitone kinarudi kijani. Safari hii anaweka kiganja juu ya simu isilie na kusema kwa sauti kila anachokifanya. "Nafuta amri ya kuzima. Nimefuta. Nahifadhi kule. Imehifadhiwa." Anamgeukia Printa. "Wewe umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi ndiyo kazi yako kuanzia leo. Sifagii upande wangu mpaka wewe useme umesikia."

Anataka utaratibu huo uwe wa chumba chote, na amekwisha kumwomba mkuu wa kitengo: mtu mmoja aandike, mwingine asikilize, hata kama msikilizaji ni wa printa. Anataka pia, Mungu akimjalia afya na barabara ikikauka, apande hilo gari la dawa siku moja aende mpaka mwisho wake. Amezungumza na Sista karibu kila wiki kwa miaka minne na hajawahi kumwona uso.

Alasiri habari inafika kutoka mapokezi: gari la dawa limeegesha, abiria amepelekwa wodi ya wazazi akiwa mchovu na mwenye njaa, na amekwisha kuuliza mara tatu habari za kuku wake. Dakika Kumi haendi kumwona. Anasema wakati wa kuona wagonjwa utafika, na yeye si ndugu.

Anakusanya vitu vyake ili aondoke wakati kitone cha zahanati ya mwisho kinapokuwa chekundu tena.

"Umeme wao," anasema Printa. "Kama kawaida." Tayari anatafuta kalamu.

Dakika Kumi anakaa, mkoba begani, mikono chini ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa kushika. Simu ya mezani iko kimya. Printa ananyoosha kiganja chenye tarakimu za asubuhi, ambazo sasa hazina maana. Nje mashine za kufulia zinamaliza mzunguko na kunyamaza.

Kitone kinageuka kijani. Hakuna aliyegusa kitu. Kule mwisho wa barabara ruta imeamka, imepewa anwani ngeni, na kabla ya jambo lingine lolote imempigia mama.

Anakaa kidogo zaidi, ahakikishe. Kisha anapiga simu nyumbani.

"Mama, Jumapili hii simu nitakuachia wewe kabatini."

"Nitaamini nikiishika," anajibu mama mkwe. "Na wakikutafuta?"

"Watajipata wenyewe."

Wimbo wanaoufanyia mazoezi kwa ajili ya Jumapili hii una beti nne. Dakika Kumi ameuimba kanisani zaidi ya mwaka, na ubeti wa nne amekuwa akiusikia kupitia ukutani, ameketi kwenye ngazi, kompyuta magotini.

"Maneno yake nayajua yote," anasema, akiusukuma mlango uliovimba mpaka ukubali kufunga. "Nataka niyaimbe nikiwa ndani."